Nchi Isiyofiwa Bila Tija

Nchi ninayotaka kuwasimulia ipo, ila ramani yake bado iko kwa mchapaji, inasubiri saini ya mtu aliye safarini. Kwa hiyo msinisumbue kwa kuniuliza iko upande gani. Itoshe kujua kwamba ni nchi ya amani, yenye mito miwili, wizara thelathini na nane, na wananchi wanaopenda sana kuelekezwa. Mimi ni mmoja wao. Naitwa Sudi Mkwaju, mtunza masjala wa Chuo cha Ualimu cha Kilimatano, na nasema mapema kabisa kwamba simlaumu mtu. Barua zote nitakazozitaja hapa zilipita mikononi mwangu, nikazigonga muhuri, na hakuna hata moja iliyokiuka utaratibu.

Somo la Dini chuoni kwetu lilikuwa likifundishwa kama linavyofundishwa kote. Mwalimu anasoma daftari lake la zamani, wanafunzi wanaandika kwenye madaftari yao mapya. Taja nguzo. Eleza mafundisho. Orodhesha sababu sita za kuheshimu dini ya mwenzako. Wanafunzi waliorodhesha sababu zote sita bila kukosea, wakapata alama zao, kisha wakatoka nje na kugoma kulala bweni moja na wenzao wa dini nyingine. Hali hiyo ilidumu miaka mingi na wakaguzi waliiita ya kuridhisha.

Aliyeivuruga ni Mwalimu Obadia Kitundu. Huyu ni jirani yangu. Nyumba yake na yangu zinatenganishwa na ua wa michongoma tu. Mwaka aliofariki mama yangu, nikiwa nimekaa jamvini na ndugu zangu, nilimwona Mwalimu amesimama nje na wanafunzi kumi na mmoja, Wakristo watupu, wengine hawajawahi kukanyaga nyumba ya Mwislamu. Nilimsikia akiwapa somo lote kwa pumzi moja.

"Vueni viatu, kaeni chini, nyamazeni. Mkiona kazi, fanyeni."

Basi. Wakaingia, wakakaa. Wawili wakaona ndoo tupu wakaenda kuchota maji. Mwingine, kijana mrefu mwenye aibu, akajiunga na akina mama kumenya vitunguu, na machozi yakamtoka. Bi Kidawa, jirani yetu ambaye sauti yake ya kilio inasikika mtaa wa tatu, akamwambia, "Lia tu mwanangu, hata kama ni vitunguu." Yule kijana akalia kweli. Hakuwahi kumwona mama yangu hata siku moja. Na mimi, ambaye tangu asubuhi nilikuwa nimejikaza kiume, nikamwona mtoto wa watu anamlilia mama yangu, nami nikaachia. Sijasahau jambo hilo, na ndilo lililoniponza kuandika haya.

Juma lililofuata darasani Mwalimu aliwauliza swali moja: mliona nini? Walizungumza hadi kengele ikapigwa na hakuna aliyenyanyuka. Baadaye akawapeleka wanafunzi Waislamu kwenye msiba wa Kikristo, kwa mzee mmoja fundi baiskeli. Kati yao alikuwemo binti anayeitwa Raya Hemedi, aliyekuwa kinara wa mgomo wa mabweni. Alirudi akasema amemshika mkono bibi wa watu saa nne nzima, na kwamba hakumbuki tena alikuwa anagombana nini na wenzake. Mgomo ukafa wenyewe. Hakuna kamati iliyoundwa, na pengine hapo ndipo kosa lilipoanzia.

*

Siku moja mkaguzi kutoka wizarani alifika akakuta darasa la Dini tupu. Akaja masjala mbio.

"Wanafunzi wako wapi?"

"Msibani, bwana mkubwa," nikajibu.

"Wote wamefiwa?"

"Hapana. Wamekwenda kusoma."

Akatoa kalamu. Mwezi haukuisha, Mheshimiwa Daktari Injinia Fidelisi Bakunda, Waziri wa Elimu, Ubunifu na Mambo Mapya, akatutembelea yeye mwenyewe na magari kumi na manne. Tulipaka chokaa miti yote, pamoja na mmoja uliokuwa umekauka.

Mheshimiwa alisimama jukwaani akatangaza kwamba dunia nzima inahangaika kutafuta njia ya kisasa ya kufundisha dini, wengine wananunua mitambo, wengine wanaita wataalamu, kumbe jibu lilikuwa limelala Kilimatano, jamvini, bila viatu. Akaipa jina: Mbinu Shirikishi ya Jamvi.

"Ndugu wananchi," akasema, sauti imepanda, "kwa miaka mingi tumefiwa ovyo ovyo. Tumezika, tumelia, tumekula pilau, tumeondoka. Tumejifunza nini? Hatukujifunza kitu! Kuanzia leo, nchi hii haitafiwa tena bila tija!"

Tulipiga makofi hadi mikono ikauma. Mwalimu Obadia alivishwa nishani, kisha akapewa kipaza sauti. Alikishika kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake.

"Mheshimiwa, nashukuru. Ila hii si mbinu. Ni kwenda msibani tu, kama tunavyokwenda siku zote."

Mheshimiwa akacheka kwa furaha, akamgeukia katibu wake. "Unyenyekevu! Andika. Kiwe kipengele cha nne."

*

Mwongozo ulikuja miezi mitatu baadaye, kurasa themanini na nne. Nilipokea nakala mia mbili na kuziingiza kwenye rejista moja moja. Kila mwanachuo nchini, awe anasomea hesabu au ufugaji nyuki, alitakiwa kuhudhuria misiba tisa ya dini isiyo yake kwa muhula. Kila msiba uwe na Fomu ya Kushiriki Majonzi, nakala tatu, ijazwe na mwanafunzi na kutiwa saini na mfiwa mkuu. Swali la saba: Je, marehemu alikuwa mtu wa namna gani? (maneno yasiyozidi kumi). Swali la kumi na moja, la mfiwa: Kwa kipimo cha moja hadi tano, mwanafunzi huyu amekufariji kiasi gani?

Mwongozo ulieleza pia nani akae wapi. Jamvi lilitengwa kwa ajili ya wanafunzi. Majirani waliruhusiwa kukaa pembezoni, baada ya kusajiliwa. Jiko, yaani kule nyuma kwenye mafiga na masufuria, lilitajwa kuwa eneo lisilo la kitaaluma, na atakayeonekana huko ahesabiwe kuwa hakuhudhuria.

Shida ya kwanza ilikuwa uhaba. Kilimatano ni mji mdogo na watu wake hawafi kwa wingi unaohitajika. Wanafunzi wakaanza kupita mitaani na madaftari, wakiwasalimia wazee kwa adabu isiyo ya kawaida.

"Shikamoo babu. Kifua kinaendeleaje?"

Wazee wetu si wajinga. Ndani ya juma moja wote walikuwa wakitembea wima, na mmoja wa miaka themanini alinunua viatu vya michezo.

Wizara ilisikia kilio, ikaleta Maabara ya Misiba. Lilikuwa banda la mabati lenye jeneza, sanda, jamvi na kinasa sauti cha vilio. Mlinzi wetu wa getini akateuliwa kuwa marehemu wa mazoezi, kwa kuwa ndiye aliyezoea kulala saa za kazi. Alifanya kazi hiyo vizuri sana, isipokuwa siku ya mtihani wa muhula, alipopiga chafya katikati ya maombolezo na matokeo ya kundi zima yakafutwa.

Shida ya pili haikuandikwa popote, ndiyo maana sikuweza kuipa namba ya jalada. Majirani waliacha kwenda misibani. Mwanzo walikwenda wakasimama pembezoni kwenye foleni ya kusajiliwa. Kisha wakaona foleni ni ndefu. Kisha mtu akifiwa, ukimuuliza jirani yake mbona huendi, anajibu bila hata kuona haya, "Wenye fomu si wapo?" Nami nilijibu hivyo mara mbili. Mara ya pili aliyefiwa alikuwa kinyozi wangu.

Mwalimu Obadia aliandika kueleza kwamba mambo yanaharibika. Aliandika barua tano. Zilijibiwa zote, kwa shukrani, na kila jibu lilimpongeza kwa kuwa mwasisi.

*

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Bi Perpetua, mke wa Mwalimu, alikuwa mgonjwa. Figo. Madaktari walikuwa wameshamwambia ukweli, naye aliupokea vizuri kuliko sisi. Siku moja mchana nilimpelekea Mwalimu bahasha, nikamkuta Bi Perpetua amekaa barazani, amejifunga khanga mbili, miguu imevimba.

"Karibu shemeji," akasema. "Umeleta makaratasi mengine?"

"Ndiyo kazi yangu, shemeji."

"Nisikilize basi. Siku yangu ikifika, watu wenye makaratasi siwataki. Nataka majirani zangu. Nataka Bi Kidawa aje anililie kwa ile sauti yake mbaya. Nataka wanawake wa mtaa huu wapike kwenye jiko langu na wagombane kuhusu chumvi. Na wewe Sudi ukae na huyu mume wangu, maana hajui kukaa peke yake. Ni hayo tu. Ni mengi?"

"Si mengi, shemeji."

"Haya, niahidi."

Nikamwahidi. Nilikuwa na muhuri mfukoni wakati naahidi, na nilijiona mtu mwenye uwezo.

Mwalimu aliandika ombi la msamaha: kwamba msiba wa mkewe, utakapotokea, uachwe kuwa msiba wa kawaida. Niligonga muhuri, Imepokelewa, nikalipeleka posta mwenyewe badala ya kusubiri gari la Alhamisi. Jibu lilirudi baada ya majuma matatu. Ombi lake limepokelewa kwa moyo mkunjufu na litashughulikiwa mara atakapoambatisha cheti cha kifo cha mhusika.

Mwalimu aliisoma barua ile kwenye kaunta yangu, amesimama.

"Bwana Sudi, wanataka nini hawa?"

"Cheti cha kifo, Mwalimu."

"Lakini yu hai. Asubuhi amekunywa uji."

Nilifungua mwongozo, ukurasa wa sitini na mbili, nikamwonyesha kwamba hata wizara isingeweza kufanya vinginevyo, kwa sababu msiba usio na cheti hauna namba. Aliitikia kwa kichwa, polepole. Nashangaa hadi leo kwa nini nilimwonyesha ukurasa ule. Nilidhani namsaidia.

Akasafiri kwenda kumwona Waziri uso kwa uso. Alinieleza aliporudi. Mheshimiwa alimpokea kwa kumkumbatia, akamkalisha kwenye kiti kikubwa, akamsikiliza hadi mwisho, na macho yakamlengalenga.

"Mwalimu," akamwambia, "umenigusa. Baba wa Mbinu ya Jamvi anataka kujificha na msiba wake! Watasemaje watu? Kwamba dawa uliyowapa wao wewe huinywi? Hapana. Bi Perpetua tutamfanyia Msiba wa Mfano. Vyuo vyote vitaalikwa."

"Mheshimiwa, nakuomba. Mke wangu anataka majirani."

"Watakuwepo," akasema Mheshimiwa. "Pembezoni."

*

Bi Perpetua alifariki Jumanne saa tatu asubuhi, mumewe akiwa amemshika kichwa. Nilisikia sauti ya Mwalimu kupitia michongoma. Nikaweka chini kikombe changu nikainuka niende, na hapo hapo simu ikalia. Alikuwa Mkuu wa Chuo. Sijui walijuaje upesi hivyo. Alisema gari la turubai limeshaondoka makao makuu, na mimi niripoti kwa Mwalimu nikiwa na meza, kiti, pedi ya wino na fomu mia sita.

Kwa hiyo nilikwenda. Siwezi kusema sikwenda. Nilivuka ua nikiwa nimebeba meza.

Hadi saa nane walikuwa wamewasili wanafunzi mia nne na kumi na wawili, kwa mabasi, wamejipanga kwa chuo na kwa kozi. Bango lilinyooshwa juu ya mlango: JIFUNZE KWA KUOMBOLEZA. Mwalimu Obadia alikalishwa mezani, kwa sababu kutia saini fomu mia nne na kumi na mbili, nakala tatu tatu, huwezi kufanya ukiwa jamvini. Walipita mbele yake mmoja mmoja. "Pole sana mwalimu, naomba saini hapa na hapa." Kwenye swali la kumi na moja alimwandikia kila mtu tano, bila kuinua macho, hadi mwanafunzi mmoja akalalamika kwamba alama zikiwa sawa kwa wote wizara itazitilia shaka. Mwalimu akachukua fomu yake akabadilisha kuwa nne. Yule akashukuru.

Kwenye swali la marehemu alikuwa mtu wa namna gani, wanafunzi walinakiliana. Nimezihifadhi fomu zile. Mia tatu na tisini zinasema Bi Perpetua alikuwa "mcheshi, mkarimu na mwenye upendo kwa maendeleo."

Majirani walisimama milangoni kwao, wamevaa khanga za msiba, wakitazama. Hakuna aliyevuka. Fomu za usajili wa pembezoni zilikuwa zimekwisha saa tisa. Bi Kidawa pekee ndiye aliyekuja hadi kwenye michongoma, upande wangu. Alisimama pale, akaweka mikono kichwani, akaanza kulia kwa ile sauti yake. "Perpetua mama, Perpetua, chumvi nimeleta, mbona huamki." Niliona bega la Mwalimu linatikisika, na kalamu ikasimama kwa mara ya kwanza tangu mchana.

Mheshimiwa Waziri, aliyekuja mwenyewe na sasa alikuwa katikati ya hotuba, akatazama kule ilikotoka sauti.

"Jamani, tunaomba utulivu upande ule," akasema kwa upole. "Wanafunzi wanashindwa kuzingatia."

Askari mmoja akaenda kumwambia. Bi Kidawa akajifuta kwa ncha ya khanga, akachukua bakuli lake la chumvi akaondoka. Mimi nilikuwa hatua tano kutoka pale. Nilikuwa nagonga mihuri.

Nyuma ya nyumba nilimkuta Raya Hemedi, yule binti wa mabweni. Alikuwa amejifunga khanga kiunoni, peke yake, anasugua masufuria ya wizara yaliyoungua wali.

"Raya, fomu yako iko wapi?"

"Sina, mzee. Niliona kazi."

"Utahesabiwa hukuhudhuria. Huu ni msiba wako wa tisa. Utafeli mwaka."

Alinitazama, mikono imejaa majivu. "Mzee, kwani mwalimu alitufundisha nini?"

Nilirudi mezani nikaandika mbele ya jina lake: hakuhudhuria. Orodha ya walioshindwa ilikuwa na mtu mmoja tu, na kanuni inataka orodha hiyo itiwe saini na mwalimu wa somo. Nilimsogezea. Alisoma jina, akatazama kule jikoni ambako moshi ulikuwa unatoka, akanitazama mimi. Nilidhani ataichana. Nilitamani aichane. Akatia saini, hapa na hapa, kama alivyokuwa akitia tangu saa nane.

*

Taarifa ya wizara ilitoka Ijumaa. Ilisema Msiba wa Mfano umefana kwa asilimia tisini na tisa nukta nane. Mabasi yalikwisha kuondoka, turubai likafungwa, bango likaachwa kwa sababu lilikuwa mali ya idara nyingine. Raya alikabidhi godoro na shuka akarudi kwao.

Jumamosi nilikaa kwangu hadi mchana nikishindwa hata kula. Nilimkumbuka yule kijana wa vitunguu. Nilikumbuka niliyoahidi barazani. Nikafungia muhuri kabatini, nikapita mlango wa ua, mikono mitupu. Mlangoni pa Mwalimu nilivua viatu. Hakukuwa na viatu vingine.

Alikuwa amekaa kwenye kiti, mbele ya meza ileile, hawakuja kuichukua. Jamvi lilikuwa limekunjwa pembeni. Nililikunjua mwenyewe, nikakaa chini, nikanyamaza. Nilitazama kama kuna kazi, nikaona ndoo imejaa, sakafu imefagiliwa. Basi nikaendelea kukaa. Kusema kweli nilijisikia vizuri kidogo, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Baada ya muda Mwalimu Obadia aligutuka, kana kwamba ndiyo kwanza ananiona. Akatoa kalamu mfukoni mwa shati, akafungua kifuniko, akaninyooshea mkono mwingine.

"Lete," akasema.

"Nilete nini, Mwalimu?"

"Fomu."

"Sina fomu."

Mkono ulibaki umenyooka. Alinikagua mfukoni kwa macho, kisha mapajani, kisha jamvini pande zote mbili, kwa subira ya mtu anayejua makaratasi hupotea na hupatikana. Alipohakikisha hakuna kitu, akafunga kalamu taratibu. Uso wake haukuwa na hasira. Alikuwa anataka kweli kujua.

"Sasa, Bwana Sudi," akaniuliza, "umekuja kufanya nini?"